Vidole Vilitangulia Herufi

Mwaka 1906 ulikuta Kusini mwa Tanzania bado kuna majivu. Agosti ya mwaka uliotangulia, wapiganaji wa Maji Maji walizichoma misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi, na Askofu Kasian Spiss akauawa pamoja na wenzake karibu na Liwale. Watawa waliorudi walitafuta mahali papya, wakapata Ndanda, chini ya miteremko ya uwanda wa Makonde, kwenye chemchemi. Mwaka huohuo Mjerumani mwingine, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi, akapanda mpaka Newala na Mahuta, akiwa na wapagazi, kamera na fonografu ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Aliandika habari za ngoma, za zeze la uzi mmoja, za ulimba wenye ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa madole gumba, na za kipofu mmoja mwimbaji aliyeitwa Sulila.

Navitaja vyombo hivi kwa sababu gitaa lilipokuja kukaa Masasi na Newala halikukuta nyumba tupu. Lilikuta dole gumba lililokwisha kufundishwa kazi na ulimba. Lilikuta pia makoo yaliyojua kupanga sauti. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Vienna aliyewarekodi Wamakonde ng'ambo ya Ruvuma mwaka 1962, alionyesha kwamba waimbaji wao huziweka sauti moja juu ya nyingine kwa kuruka hatua, ya kwanza na ya tatu na ya tano, zikatembea pamoja bila mtu kuzihesabu. Mwalimu wa muziki akisikia hivyo atasema hizo ni kodi. (Si zile za serikali; hii ni kodi ya wapiga gitaa, sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja.)

Swali langu ni hili: kodi ya gitaa ilipataje jina, na nani aliihitaji? Maana hapa kwetu kuna dharau moja ya zamani. Kijana aliyehitimu kozi ya muziki humsikiliza mzee anayecharaza galatoni barazani, kisha anasema, "Babu anapiga vizuri, ila kodi hazijui." Kwa nini kauli hiyo si kweli, historia ya gitaa lenyewe inaeleza, na inaanzia mbali na Masasi.

Rudi nyuma miaka 300 kamili kutoka mwaka wa Weule. Mwaka 1606, mjini Florence, Girolamo Montesardo alipiga chapa kitabu cha kufundisha gitaa la Kihispania. Gitaa la wakati ule lilikuwa dogo kuliko la leo, lina nyuzi za utumbo zilizofungwa mbilimbili katika jozi tano. Uzi mzito wa sita ulikuwa haujaja. Montesardo aliupa kila mkao wa mkono wa kushoto herufi moja ya alfabeti. Msomaji hakulazimika kujua nota hata moja. Aliona herufi juu ya neno la wimbo, akaweka vidole kama mchoro ulivyoelekeza, akacharaza. Katika vitabu vilivyofuata viliongezwa vistari vidogo: kinachoning'inia kina maana ya kucharaza kwenda chini, kilichosimama kwenda juu.

Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Mwaka 1596 Juan Carlos Amat, tabibu Mkatalani, alichapisha Barcelona kijitabu chake kuhusu gitaa la jozi tano, akazipa kodi namba badala ya herufi: kumi na mbili za furaha na kumi na mbili za huzuni, zimepangwa katika duara. Daktari wa watu, si mwanamuziki wa ikulu, alikuwa tayari na kodi zote ishirini na nne mkononi zaidi ya karne moja kabla wataalamu wa Ujerumani hawajachora duara la namna hiyo kwenye vitabu vyao. Lakini herufi za Kitaliano ndizo zilizoshinda sokoni, na kwa nusu karne iliyofuata nyimbo nyingi zilizopigwa chapa Italia zilikuwa na herufi hizo juu ya maneno.

Mpiga gitaa wa Masasi akifunguliwa kitabu hicho leo, mkono wake utakielewa kabla kichwa hakijaelewa. Chukua herufi B. Kidole cha shahada kiko kwenye uzi wa pili, freti ya kwanza. Cha kati uzi wa nne, freti ya pili. Cha pete uzi wa tano, freti ya tatu. Uzi wa kwanza na wa tatu vinaachwa wazi. Kila aliyewahi kushika gitaa anaujua mkao huo. Ni wa kwanza au wa pili kufundishwa popote duniani. Ila leo tunauita C. Herufi C ya Montesardo ndiyo D yetu, herufi I ndiyo A yetu, na herufi A yenyewe ni G. Herufi zile hazikuwa majina ya sauti hata kidogo. Zilikuwa foleni tu: mkao wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama vile mtu angesema mkao wa Asha, mkao wa Bakari.

Ziangalie vizuri zaidi. Katika herufi A uzi wa tano unabonyezwa freti ya pili, wa nne na wa tatu viko wazi, wa pili na wa kwanza vinabonyezwa freti ya tatu. Uzi huo wa tano, wenye sauti ya B, ndio ulioko upande wa besi, si G ambayo kodi imejengwa juu yake. Kwa wasomi wa nyakati zile wa kupanga sauti kuanzia besi, hicho kilikuwa kitu kingine kabisa. Kwa mpiga gitaa kilikuwa kilekile, herufi ileile, mkono uleule. Ilibidi kungoja mwaka 1722, Jean-Philippe Rameau alipochapisha Paris kitabu chake kikubwa cha nadharia, ndipo wasomi wakaanza kukubaliana kwamba kodi iliyopinduliwa sauti zake ni kodi ileile. Wacharazaji wa barazani walikuwa wameishi na ukweli huo zaidi ya miaka 100 bila kuutolea hotuba.

Wala usidhani walisifiwa. Mwaka 1611 Sebastián de Covarrubias, mtunga kamusi wa Uhispania, alinung'unika kwamba tangu gitaa lienee, watu wameacha kujifunza vihuela, chombo cha waungwana. Kwake gitaa lilikuwa kelele ya kengele ya ng'ombe, rahisi kiasi kwamba kila mtumishi wa zizi la farasi analipiga. Lugha hiyo tunaijua. Ndiyo iliyotumika kwetu dhidi ya dansi, kisha dhidi ya mchiriku, na sasa dhidi ya singeli.

Jambo moja zaidi kutoka huko kabla hatujarudi nyumbani. Baadhi ya mikao ile haikuacha uzi wowote wazi. Kidole cha shahada kililala juu ya nyuzi zote. Mikao ya namna hiyo iliweza kusukumwa juu ya shingo, hivyo waandishi wakaongeza tarakimu juu ya herufi. H pekee ni B bapa; H yenye 3 ni mkono uleule uliopanda mpaka freti ya tatu, na sasa unalia C. Jina la kodi likawa na sehemu mbili: umbo la mkono, na mahali mkono ulipo. Hilo lishike, nitalihitaji.

Padri João dos Santos, Mdominiko Mreno aliyeishi visiwa vya Kerimba, kusini tu ya mlango wa Ruvuma, alichapisha kitabu chake kuhusu nchi hizi mwaka 1609, miaka mitatu baada ya Montesardo. Humo alieleza ambira ya bara la Sofala: ndimi tisa za chuma, zinapigwa kwa madole gumba yaliyofugwa kucha. Wareno walikuwa na viola zao, jamaa ya gitaa, melini na ngomeni. Hata hivyo gitaa lililoenea Tanganyika halikutokana na hao. Lilikuja karne ya 20, kwa duka, kwa santuri na kwa jeshi.

Dar es Salaam Jazz Band ilikuwapo tangu 1932. Mwaka uliofuata kampuni ya HMV ilianza kuuza Afrika mfululizo wake wa GV, santuri nyingi zikiwa za Kuba, na kodi tatu za wimbo wa Kuba zikaanza kusikika bandarini. Kisha vita. Vijana wa Kiyao, Kimakua na Kimakonde waliingia King's African Rifles, na mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walikuwa Burma. Huko pia walikuwako watumbuizaji wa jeshi. Mmoja wao alikuwa Fundi Konde wa pwani ya Kenya, aliyesomea misheni ya Kikatoliki, ambaye baada ya vita alikuwa mmoja wa mabingwa wa kwanza wa gitaa katika eneo letu lote.

Kusini fedha taslimu ilikuja kwa njia zake. Kulikuwa na mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani, yaliyowavuta Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma. Kuanzia 1947 ukaja mpango wa karanga wa Nachingwea, uliojenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara, ukafa kifo cha aibu mwaka 1951. Karanga hazikuota kama Waingereza walivyohesabu. Mishahara lakini ililipwa, na penye kambi ya mishahara hapakosi santuri na mcheza dansi. Kwa barabara tulikuwa kisiwa: Rufiji ilitukata na Dar es Salaam kila masika mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Ndiyo maana sauti nyingi zilitufikia kwa meli, kwa redio ya Dar es Salaam iliyoanza 1951, na kwa watu waliorudi na kitu begani.

Kitu hicho kilikuwa galatoni. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg iliuza santuri kwa chapa ya Gallotone na magitaa kwa chapa hiyohiyo, na mpaka leo Mtanzania wa makamo huliita gitaa kavu lolote galatoni, hata likiwa limetoka China. Yalikuwa magitaa ya bei nafuu, mbao zake nyepesi, nyuzi zake zinakata vidole. John Lennon wa Liverpool naye alianza na Gallotone mwaka 1957, akilipiga kwa mikao ya banjo aliyofundishwa na mama yake, hadi Paul McCartney alipomwonyesha mikao ya gitaa. Hata mtu aliyekuja kuwa mashuhuri duniani alifundishwa kodi hivyohivyo: kwa kuangalia mkono wa mwenzake.

Santuri ya Gallotone iliyoleta mapinduzi ilirekodiwa mwaka 1952. Hugh Tracey, akizunguka na mitambo yake, alimkuta Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, Katanga. Mwenda alizaliwa 1930, Myeke wa Bunkeya, yaani wa ukoo wa watu waliomfuata Msiri kutoka Unyamwezi katika karne ya 19. Kwa hiyo mkono ule tuna udugu nao. Alipiga Masanga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, dole gumba na cha shahada. Gumba linatembea chini, shahada inaimba juu, na katikati unasikia mtu wa tatu ambaye hayupo. Santuri hiyo ilizunguka Afrika Mashariki yote. Kenya ilimzaa George Mukabi na mtindo wake wa Kiluhya. Nairobi ilimleta Mwenda mwenyewe na Edouard Masengo kuimba matangazo ya biashara. Na kote watoto waliokosa galatoni walitengeneza yao kwa kopo la mafuta na nyaya za breki za baiskeli.

Sasa fikiria namna ya kujifunza. Kwenye santuri hakuna herufi. Hakuna picha ya mkono. David Rycroft, mtaalamu wa London, alipotaka kuandika kwa nota anachokifanya Mwenda, ilimchukua makala mbili katika jarida la African Music, 1961 na 1962. Kijana wa kijijini alifanya kazi hiyohiyo kwa sikio: akatafuta mahali ambapo gumba linapata besi, akaacha vidole vingine vizoee. Na kama alikuwa na bahati ya kumpata aliyekwisha kujua, alikaa mbele yake na kutazama. Hiyo ni shule yenye nidhamu. Anayejifunza kwa kutazama hawezi kudanganya. Mkono unafika au haufiki.

Na pale sauti ya mwimbaji ilipokuwa juu kuliko gitaa, walifanya kitu ambacho msomaji wa vitabu vya Kitaliano angekitambua mara moja. Walichukua penseli, wakaifunga shingoni kwa kamba au mpira, juu ya freti waliyoitaka. Mkono ukabaki na mikao yake mitatu minne, wimbo ukapanda. Hiyo ndiyo ile tarakimu juu ya herufi: umbo la mkono, na mahali mkono ulipo. Anayesema watu hawa walikosa mfumo hajautazama mfumo wao.

Bendi za dansi zilifanya jambo jingine, zikaivunja kodi moja na kuigawa. Besi likashika mguu wake, rizimu likacharaza, solo likatembea juu, na baadaye likaingia gitaa la pili kati ya solo na rizimu. Wakongo walilipa gitaa hilo mpangilio wake wa nyuzi, mi-kompoze: uzi wa nne unatolewa, unawekwa mwembamba unaolia oktavu nzima juu. Nilipokutana na maelezo ya Gaspar Sanz, mwalimu wa gitaa wa Zaragoza, katika kitabu chake cha 1674, nilicheka peke yangu. Anasema mabingwa wa Roma waliondoa nyuzi nzito za jozi ya nne na ya tano, wakaweka nyembamba, ili vidole vipambe wimbo kwa urahisi. Kinshasa haikusoma Sanz. Mikono ilikutana na tatizo lilelile ikalitatua vilevile. Tanzania ilikuwa na mabwana wake katika mgawanyo huo: Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz kwenye solo, na Ahmed Kipande aliyeipeleka Kilwa Dar es Salaam kwa jina la bendi yake, Kilwa Jazz. Na bendi za Dar, zikisikia korosho zimeuzwa, hushika njia ya Mtwara, Newala na Masasi mpaka leo, na vijana wa huku husimama karibu na jukwaa wakitazama vidole.

Majina ya kodi yalikuja kwetu kwa mlango wa kanisa, kwa sehemu kubwa. Wabenediktini wa Ndanda walileta kinanda, kwaya na kiwanda cha uchapaji. Waanglikana wa UMCA walikuwa Masasi tangu 1876, Askofu Edward Steere alipowaweka huko watumwa waliokombolewa. Kwaya za Tanzania, za madhehebu yote, zilikuzwa na do-re-mi ya John Curwen, ambayo nayo haisemi sauti iko wapi. Inasema tu uhusiano wake na do. Do ikihama, zote zinahama nayo. Kisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya Desemba 1963, ukafungua mlango kwa vyombo visivyo kinanda cha filimbi, na gitaa likaingia misa kwa heshima.

Hapo ndipo lugha mbili zilipokutana. Mwalimu wa kwaya anasema, "Tunaimba katika G." Mpiga gitaa anauliza, "Do iko wapi?" Akionyeshwa, anasogeza penseli yake ya shingoni, anashika mikao yake ya siku zote: ya kwanza, ya nne, ya tano, na ile ya huzuni. Nimesikia watu wakimcheka kwa swali hilo. Mimi naona ndilo swali zuri zaidi katika chumba, maana G ni jina la mahali pamoja, na yeye anajua kazi ya kila sauti popote wimbo utakapohamia. Kijana wa leo hupata nyimbo kwenye simu zikiwa na herufi juu ya maneno. Si mbaya; ni Montesardo yuleyule amerudi. Lakini herufi hizo hazimwambii gumba lifanye nini, wala shahada ijibu lini, wala kwa nini mzee anaacha uzi wa tatu ulie wazi mahali ambapo kitabu kinaagiza ubonyezwe.

Mambo hayo hayako kwenye karatasi. Yako kwenye mikono ya watu ambao wengi wao wamevuka miaka sabini. Nyimbo zao baadhi zimehifadhiwa, kwenye kanda za Radio Tanzania na kwenye santuri za wakusanyaji; mikao yao, hapana. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama Ndanda, Chiwale, Newala au Nanganga unamfahamu mzee anayecharaza galatoni, mwombe ruhusa, washa simu, na usiielekeze usoni. Ielekeze kwenye shingo ya gitaa, ukae mbali kiasi cha kuonyesha mikono yote miwili, na umwache apige wimbo mmoja taratibu, kisha aurudie kwa mwendo wake.